Gaidi Hana Alama Usoni

Mabomu ya Agosti 1998, Nairobi na Dar es Salaam, yaliua watu 224. Kisha yakaja mashambulio ya Westgate, Garissa na DusitD2 nchini Kenya, na kila mara watu wakaulizana: ni binadamu wa namna gani hawa? Mtafiti wa saikolojia ya ugaidi anajibu maswali ya wasomaji.

Daktari, anayewapiga risasi wanafunzi bwenini si mgonjwa wa akili?

Laiti ingekuwa hivyo, tungewaachia madaktari. Watafiti wamemsaka gaidi mwenye haiba ya pekee tangu miaka ya 1970, hawakumpata. Mwaka 1981 Martha Crenshaw aliandika kwamba kinachowaunganisha zaidi ni ukawaida wao. Isitoshe, kikundi chenyewe hakimtaki mtu asiyetabirika wala asiyeweza kutunza siri. Wanaoshambulia peke yao ni habari nyingine: kwao maradhi ya akili hukutwa zaidi, ingawa hayatoshi kueleza kitendo.

Basi ni umaskini?

Mmoja wa walioshambulia Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, ambako watu 148 waliuawa, alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, tena mtoto wa chifu. Ahadi ya mshahara huwavuta baadhi, sikatai. Lakini maskini ni mamilioni, na karibu wote hawajawahi kugusa bunduki.

Kinachowavuta ni nini?

Watu. Mtafiti Marc Sageman alichambua wasifu wa wanajihadi 172 katika kitabu chake cha 2004, akaona urafiki na undugu mara nyingi hutangulia itikadi. Kijana humfuata rafiki au binamu kwanza. Mafundisho huyakuta hukohuko.

Halafu kuna dhuluma. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilichapisha utafiti uliowahoji waliokuwa wanachama wa vikundi vya itikadi kali barani Afrika. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwishoni ni kitendo cha serikali, kama vile ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Huko Pwani ya Kenya, ambako kuna vijana waliochukuliwa wasionekane tena, wazazi hawakuhitaji UNDP kuwaambia.

Unaamini wanayokueleza?

Nayapokea kwa tahadhari. Mtu aliyejiunga zamani hukupa kisa anachoweza kuishi nacho. Anayesubiri rufaa gerezani ana chake. Aliyerudi kutoka kundi la al-Shabaab nchini Somalia baada ya serikali ya Kenya kutangaza msamaha mwaka 2015 atasema alidanganywa kwa ahadi ya kazi. Huenda ni kweli. Ila ndilo jibu lililo salama zaidi kwake, na mimi sina namna ya kuwauliza waliokufa, wala walioko msituni hadi leo.

Ninayemkosa zaidi ni ndugu wa aliyejiunga, yule aliyebaki: nyumba ileile, madrasa ileile, polisi walewale wakivunja mlango usiku, naye hakwenda. Bila yeye hatujui kilicholeta tofauti. Lakini jaribu kuomba fedha za kumhoji mtu ambaye hakufanya chochote!

Mtaani hali ikoje?

Ukifika mitaa ya Kenya kama Majengo au Likoni na daftari, watu hutaka kujua nani kakutuma. Kibali cha utafiti na barua ya chifu hukufungulia ofisi, na hivyohivyo hukufanya uonekane kachero. Mama akikiri kwamba mwanawe yuko Somalia, anawaogopa polisi na anawaogopa al-Shabaab. Kwa hiyo siandiki majina, sirekodi sauti, na kabla hatujaanza namwambia asinitajie mpango wowote wa shambulio, kwani hiyo si siri ninayoweza kumtunzia. Napoteza taarifa nyingi kwa njia hii.

Hakuna dalili za kumtambua mapema?

Orodha ya dalili, hapana. Kijana kufuga ndevu au kuacha muziki? Maelfu hufanya hivyo kwa ucha Mungu tu, na magaidi ni wachache mno. Orodha hiyo itawanasa wasio na hatia, kisha kukamatwa kwao kuwe sababu ya mwingine kwenda. Mwanasaikolojia John Horgan amekuwa akihimiza tuache kutafuta sura ya gaidi, tuchunguze mtu anavyoingia, anavyobaki na anavyotoka. Mzazi akinijia na wasiwasi, simuulizi mwanawe anavaa nini. Namuuliza anashinda na nani siku hizi, na ni nani aliyeacha kuzungumza naye.