Mlo na Nguvu za Misuli kwa Mwanaume Mzee

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Misuli, hata hivyo, huanza kupungua mapema zaidi. Kuanzia umri wa makamo, mwanaume hupoteza takribani asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila muongo, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Homoni ya testosteroni hupungua, kazi za mwili hupungua, nao mwili hauitumii protini kwa ufanisi kama ujanani.

Mizani pekee haitoshi kubaini hali hii, kwa kuwa mafuta huweza kuchukua nafasi ya misuli na uzito ukabaki uleule. Kipo kipimo rahisi. Mzee aketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, akunje mikono kifuani, kisha ainuke na kuketi mara 5, msaidizi akiwa karibu. Akizidi sekunde 15, au akishindwa, afanyiwe uchunguzi.

Mzee huhitaji takribani gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 huhitaji gramu 60 hadi 72. Ugali hushibisha, lakini protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, ambayo mbaazi na maharage zinayo kwa wingi. Wakulima wa Babati huchanganya mahindi na mbaazi shambani. Vivyo hivyo vichanganywe katika sahani. Kikombe cha mbaazi zilizopikwa kina takribani gramu 11 za protini, glasi ya maziwa gramu 8, yai gramu 6. Samaki wa Ziwa Babati nao wanafaa. Protini igawanywe katika milo yote ya siku. Asiye na meno apondewe mbaazi.

Chakula bila mazoezi hakitoshi. Kuinuka kitini mara 10, kwa siku 2 au 3 kila wiki, huimarisha mapaja.

Mhudumu wa afya amuulize mgane anayeishi peke yake anakula nini na mara ngapi. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari. Anayepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 bila kukusudia achunguzwe kisukari, kifua kikuu na saratani. Tusiseme "ni uzee tu" kabla ya vipimo: udhaifu wa miguu huleta kuanguka, na kuvunjika nyonga humnyima mzee uwezo wa kujihudumia.