Somo: Hisa na Madeni katika Shirika Lililofilisika

Mwaka 1994 marubani, mafundi na baadhi ya watumishi wengine wa shirika la ndege la United, Marekani, walikubali kupunguziwa mishahara ili wamiliki asilimia 55 ya hisa. Wahudumu wa ndani ya ndege hawakujiunga. Desemba 2002 shirika lilielemewa na madeni, likaomba hifadhi ya mahakama.

Hifadhi hiyo haivunji shirika. Ndege huendelea kuruka huku madeni na mikataba ikipangwa upya. Ila mwanachama na azingatie utaratibu wa malipo: mwenye hisa husimama nyuma ya wadai wote. United ilipotoka mahakamani Februari 2006, mishahara ilikuwa imekatwa tena, na pensheni zimekabidhiwa kwa bima ya serikali yenye kikomo cha malipo. Hisa za zamani zilifutwa. Mpya zilikwenda zaidi kwa wadai. Shirika lilipona, hata likaungana na Continental mwaka 2010. Mtumishi aliyekuwa bado ameshika hisa za 1994 hakupata kitu, kwani kazi, akiba na pensheni yake vilikuwa vyote katika chombo kimoja.