RANGI IKIBANDUKA KWENYE BAMBA LA SHABA
Somo kwa vikundi vya vijana, Migori na Homa Bay

Shaba si ngeni kwetu. Pale Macalder ilichimbwa mpaka 1966. Siku hizi bamba tunanunua, tena kwa bei kali. Kikundi kikiharibu moja, faida ya vibao kadhaa imekwenda.

Kazi yenyewe ni hii: mnapaka rangi sehemu zisizotakiwa kuliwa, mnatumbukiza bamba katika maji ya mrututu ndani ya beseni la plastiki, mnaliunganisha na upande chanya wa betri. Upande hasi mnaweka kipande kingine cha shaba. Umeme unakula shaba iliyo wazi. Shida ni kwamba rangi inabanduka kabla ya wakati, na herufi zinaliwa. Tuangalie sababu tatu.

Kwanza, mafuta. Alama ya kidole tu inatosha kuzuia rangi isishike. Sugua bamba kwa msasa laini, osha kwa sabuni ya unga, suuza. Kisha limwagie maji safi. Yakitanda bamba zima, liko tayari. Yakijikusanya matone matone, bado lina mafuta, rudia. Toka hapo lishikeni kingoni tu.

Pili, haraka. Rangi nene hukauka juu, chini ikabaki mbichi. Paka nyembamba mara mbili, na ile ya kwanza ikauke kabisa. Msimu wa mvua, bamba liote jua kwanza. Msisahau kupaka mgongo na kingo.

Tatu, umeme mwingi. Betri ya gari, volti 12, huleta joto na mapovu, na hayo mapovu huinua rangi. Kwa bamba dogo jiwe moja la tochi, volti 1.5, linatosha. Umeme wa ukutani msiuguse kamwe.

Sasa jambo kubwa zaidi. Mrututu ni sumu kwa samaki, na wengi wetu tunakula kwa jasho la ziwa. Msiumwage Mto Kuja wala ufuoni. Maji hayo hutumika tena na tena, kwani shaba inayotoka upande mmoja hushika upande wa pili. Yawekeni katika mtungi wenye kifuniko, ulioandikwa SUMU, mbali na watoto. Vaeni glavu.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Bamba letu la mwisho liliharibikia hatua gani?
2. Nani atatunza mtungi wa mrututu, na wapi?