Koili Zilizofungamanishwa: Namna Kompyuta Inavyopata Mkondo Mkubwa wa Umeme

Balbu ya wati 100 iliyounganishwa na umeme wa volti 230 hupitisha mkondo usiofika nusu ya ampea. Kichakataji cha kompyuta kinachotumia wati hizo hizo 100 kwa volteji ya volti 1 huhitaji mkondo wa ampea 100. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha tatizo linaloelezwa katika makala haya. Katika miaka ya 1970 na 1980 vichakataji vingi vilitumia volti 5. Kadiri transista zilivyozidi kuwa ndogo ndivyo volteji ilivyolazimika kuteremshwa, mpaka ikafikia kiasi cha volti 1. Nguvu inayohitajiwa haikupungua. Kwa hiyo mkondo ukapanda.

Mkondo wa kiasi hicho hauwezi kuletwa kutoka mbali. Waya wenye ukinzani wa sehemu moja tu ya elfu ya omu, ukipitisha ampea 100, hupoteza volti 0.1, yaani sehemu ya kumi ya volteji yote inayotakiwa. Kwa sababu hiyo umeme huletwa kwa volti 12 hadi kando ya kichakataji, na hapo ndipo unapoteremshwa. Wala haifai kuuteremsha kwa kutumia kinza: kinza kinachopunguza volti 11 kwa mkondo wa ampea 100 kingetoa joto la wati 1,100 ili kichakataji kipate wati 100. Transfoma nayo, ikiwa peke yake, haifanyi kazi kwa mkondo mnyoofu. Njia inayotumika ni swichi na koili.

Kazi ya swichi na koili

Saketi yenyewe ina transista mbili zinazofanya kazi kama swichi, koili moja, na kapasita. Swichi ya juu inapowashwa, ncha ya kwanza ya koili huunganishwa na volti 12. Swichi hiyo inapozimwa, swichi ya chini huiunganisha ncha hiyo na upande wa sifuri wa saketi. Ncha ya pili ya koili iko daima kwenye volti 1, mahali penye kapasita na kichakataji. Swichi ya juu ikiwashwa kwa sehemu 1 katika 12 ya muda, wastani wa volteji unaofika upande wa pili ni volti 1.

Mwanafunzi atakumbuka kwamba koili hupinga badiliko la mkondo. Kanuni yake ni nyepesi: kasi ya mkondo kupanda, kwa ampea katika kila mikrosekunde, ni volteji iliyo kati ya ncha mbili za koili ikigawanywa kwa induktansi yake kwa mikrohenri. Na ichukuliwe koili ya mikrohenri 0.1, na swichi inayowashwa mara 500,000 kwa sekunde. Kila mzunguko wa swichi huchukua mikrosekunde 2, na swichi ya juu huwa imewashwa kwa mikrosekunde 0.167. Katika muda huo koili ina volti 12 upande mmoja na volti 1 upande wa pili, yaani tofauti ya volti 11. Mkondo hupanda kwa kasi ya 11 ÷ 0.1, ambayo ni ampea 110 kwa mikrosekunde, na hivyo huongezeka kwa ampea 18.3. Katika mikrosekunde 1.833 zinazobaki hushuka kwa kiasi hicho hicho. Kupanda na kushuka huku kunakojirudia huitwa hapa viwimbi vya mkondo.

Mvutano wa mahitaji mawili

Viwimbi vikubwa vina hasara. Ikiwa wastani wa mkondo wa koili ni ampea 25, kilele chake hufika ampea 34.2, na swichi ya juu hulazimika kuukata mkondo ukiwa katika kilele hicho. Kila tendo la kukata hupoteza nishati, na tendo hilo hurudiwa mara 500,000 kwa sekunde. Joto huzidi na swichi hudhoofika.

Dawa ionekanayo upesi ni kuongeza induktansi. Lakini kichakataji hakitumii mkondo ulio sawa wakati wote. Kikiwa kimetulia hutumia ampea chache. Kikipewa kazi nzito huhitaji makumi ya ampea zaidi kwa muda mfupi mno. Koili yenye induktansi kubwa haiwezi kuongeza mkondo upesi. Wakati koili inajikokota, mkondo unaopungua hutolewa na kapasita, na volteji huanza kushuka. Volteji ikishuka kupita kiasi, transista za kichakataji hukosea hesabu zake, na kompyuta husimama ghafla pasipo kosa lolote la mtumiaji.

Basi mhandisi yuko kati ya mahitaji mawili yanayopingana: induktansi kubwa kwa wakati wa utulivu, na induktansi ndogo kwa wakati wa badiliko la ghafla. Koili moja haiwezi kuwa kubwa na ndogo kwa pamoja. Koili mbili zilizofungamanishwa zinaweza.

Koili mbili juu ya kiini kimoja

Kwa kuwa swichi moja haitoshi kupitisha mkondo wote, saketi hugawanywa katika matawi mawili, manne au zaidi, na kila tawi huwa na swichi zake na koili yake. Mafundi huyaita matawi hayo fezi. Matawi hayawashwi kwa pamoja bali kwa zamu: katika saketi ya matawi mawili, la pili huwashwa nusu ya mzunguko baada ya la kwanza. Ncha za mwisho za koili zote hukutana kwenye kapasita moja.

Mwaka 1831 Michael Faraday alizungusha koili mbili juu ya pete moja ya chuma, akaonyesha kwamba mkondo unapobadilika katika koili moja, umeme huchochewa katika koili ya pili. Saketi inayoelezwa hapa inatumia jambo hilo hilo. Koili za matawi mawili huzungushwa juu ya kiini kimoja cha feraiti, kwa namna ambayo mikondo yao ya kawaida hutoa fluksi za sumaku zinazopingana ndani ya kiini. Matumizi ya koili zilizofungamanishwa ili kupunguza viwimbi yalielezwa mwaka 1977 na Slobodan Ćuk na R. D. Middlebrook wa California Institute of Technology, kwa saketi ya aina nyingine. Mwaka 2001 Fred C. Lee na wenzake wa Virginia Tech walichapisha uchunguzi wa namna hiyo kwa saketi za matawi mengi zinazolisha vichakataji.

Na ichukuliwe kwamba kila koili ina induktansi yake ya mikrohenri 0.3, na induktansi ya pamoja kati ya koili hizo mbili ni mikrohenri 0.2. Hesabu huwa nyepesi sana ikiwa mwanafunzi hataishughulikia mikondo miwili mmoja mmoja, bali atatazama jumla yake na tofauti yake.

Jumla ya mikondo hukutana na induktansi ndogo, kwa sababu fluksi za koili mbili hufutana: 0.3 − 0.2 = 0.1. Tofauti ya mikondo hukutana na induktansi kubwa, kwa sababu mkondo mmoja ukiuzidi mwingine, ziada hiyo haina wa kuifuta: 0.3 + 0.2 = 0.5. Koili hizi mbili, kwa hiyo, ni ndogo na kubwa kwa wakati mmoja, kutegemea zinaulizwa nini.

Hesabu ya wakati wa utulivu

Tawi la kwanza linapowashwa lina volti 11 kwenye koili yake. Tawi la pili limezimwa, na koili yake ina volti 1 kwa upande wa kinyume, yaani −1. Jumla ya volteji ni 10. Jumla ya mikondo hupanda kwa 10 ÷ 0.1, yaani ampea 100 kwa mikrosekunde. Tofauti ya volteji ni 12. Tofauti ya mikondo hukua kwa 12 ÷ 0.5, yaani ampea 24 kwa mikrosekunde. Nusu ya 100 na 24 zikijumlishwa ni 62, na nusu ya 100 ukitoa 24 ni 38. Mkondo wa tawi la kwanza, basi, hupanda kwa ampea 62 kwa mikrosekunde, na ule wa tawi la pili hupanda kwa 38 ingawa swichi yake ya juu imezimwa. Koili ya kwanza imeivuta ya pili.

Katika mikrosekunde 0.167 mkondo wa tawi la kwanza huongezeka kwa ampea 10.3. Kisha matawi yote mawili yanapokuwa yamezimwa kwa mikrosekunde 0.833, hushuka kwa 8.3. Tawi la pili linapowashwa, la kwanza huvutwa juu kwa 6.3, na baadaye hushuka tena kwa 8.3, likarudi pale lilipoanzia. Viwimbi vya kila tawi vimepungua kutoka ampea 18.3 hadi 10.3, na kilele cha mkondo kutoka 34.2 hadi 30.2.

Hesabu ya badiliko la ghafla

Kichakataji kikihitaji ghafla ampea 40 zaidi, matawi yote mawili huwashwa kwa pamoja. Sasa volteji za koili zote mbili ni 11, na hakuna tofauti kati yao. Kila koili hufanya kazi kama koili ya mikrohenri 0.1, na jumla ya mikondo hupanda kwa ampea 220 kwa mikrosekunde. Ampea 40 hupatikana katika mikrosekunde 0.18.

Kama viwimbi vya ampea 10.3 vingetafutwa kwa koili zisizofungamana, kila moja ingehitaji mikrohenri 0.177. Jumla ya mikondo ingepanda kwa ampea 124 tu kwa mikrosekunde, na ampea 40 zingechukua mikrosekunde 0.32. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini kapasita ndiyo inayoilipa. Iwapo volteji hairuhusiwi kushuka zaidi ya volti 0.05, na ikichukuliwa kwamba swichi hujibu papo hapo, koili zilizofungamana huhitaji kapasita ya kiasi cha mikrofaradi 73, na zisizofungamana kiasi cha mikrofaradi 129. Karibu nusu ya kapasita imeokolewa, pamoja na nafasi yake kwenye bodi.

Hatari mbili

Hatari ya kwanza ni kukosea upande wa kuzungushia waya. Koili moja ikigeuzwa, fluksi za mikondo ya kawaida hujumlishwa badala ya kufutana. Jumla ya mikondo sasa hukutana na mikrohenri 0.5, na saketi hujibu mara tano polepole zaidi. Isitoshe, fluksi ndani ya kiini huongezeka mno na kiini hushiba, yaani hakiwezi tena kupokea fluksi zaidi kwa urahisi. Koili iliyo juu ya kiini kilichoshiba hupoteza sehemu kubwa ya induktansi yake, na mkondo hupanda pasipo kizuizi mpaka swichi iungue.

Hatari ya pili ni mikondo isiyolingana. Matawi mawili yakipitisha ampea 25 kila moja, fluksi zao hufutana vizuri. Moja likipitisha 30 na jingine 20, ampea 10 za tofauti hazifutiki, na kiini chaweza kushiba kwa ajili yake. Kwa hiyo saketi ya uongozi hupima mkondo wa kila tawi na kuurekebisha daima. Ushirikiano wa koili hizi una masharti: kila moja ibebe sehemu yake.

Jaribio la darasani

Jambo hili laweza kuonekana kwa macho katika maabara ya shule. Zinahitajika koili mbili zinazofanana, za mizunguko 300 au 600, zilizovishwa juu ya kiini kimoja cha chuma kilichofungwa, kama kile cha transfoma ya kufundishia. Balbu mbili za volti 12. Na chanzo cha mkondo geu cha volti 12. Umeme wa nyumbani usitumiwe kamwe kwa jaribio hili.

Kila balbu iunganishwe mfululizo na koili moja, kisha matawi hayo mawili yaunganishwe sambamba na chanzo. Mwangaza wa balbu utazamwe. Halafu miunganisho ya koili moja tu igeuzwe, na mwangaza utazamwe tena. Katika hali moja balbu zitafifia, kwa kuwa fluksi zinajumlishwa na induktansi ni kubwa. Katika hali nyingine zitang'aa, kwa kuwa fluksi zinafutana. Mwishowe chanzo cha mkondo geu kiondolewe na betri ya volti 12 iwekwe mahali pake. Balbu zitang'aa sawasawa katika hali zote mbili, kwa sababu koili hupinga badiliko la mkondo, si mkondo wenyewe.

Maswali ya kujipima

1. Koili mbili zina induktansi ya mikrohenri 0.5 kila moja, na induktansi ya pamoja ni mikrohenri 0.4. Kwa saketi ile ile, onyesha kwamba viwimbi vya kila tawi ni takriban ampea 9.4, na kwamba kasi ya kujibu badiliko la ghafla haikubadilika.

2. Kwa nini viwimbi vya kila tawi haviwezi kushuka chini ya ampea 8.3, hata induktansi ya pamoja ikiongezwa kiasi gani, maadamu tofauti yake na induktansi ya kila koili inabaki mikrohenri 0.1?

3. Katika jaribio la darasani, balbu moja ikifunguliwa wakati zote mbili zinang'aa, nyingine itafifia. Eleza sababu.