Dawa ya Maumivu Makali Nyumbani
Kijitabu kwa familia zinazouguza, Bungu na vijiji vya Usambara

Mgonjwa wa saratani akirudishwa nyumbani, wiki haiishi kabla hajapata washauri. Mmoja wao lazima ataitaja bangi. Atasema ana ndugu yake Kanada, huko watu wanaandikiwa na daktari, sisi huku tunanyimwa dawa iliyoota shambani. Tuanze na huyu, maana nusu ya maneno yake ni kweli.

Kanada wagonjwa wanaruhusiwa kuitumia tangu mwaka 2001. Lakini dawa zitokanazo na mmea huo, zilizopimwa na kusajiliwa kama dawa nyingine, hazivutwi. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji kwa aina chache za kifafa kikali cha watoto. Mtoto hupimwa uzito ndipo akadiriwe mililita zake, kisha damu huangaliwa isije dawa ikaumiza ini. Uingereza ipo Sativex, ya kupuliza mdomoni, kwa watu ambao misuli hukakamaa kwa ugonjwa wa neva. Mgonjwa mpya huanza na kiasi kidogo, akangoja, akaongezwa polepole.

Sasa linganisha na bangi ya kuchemshwa kwenye sufuria. Hakuna ajuaye kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani; cha jana na cha leo si sawa hata kama mpishi ni yule yule. Tena ya kunywa au kula hukawia. Hushika baada ya nusu saa, pengine saa mbili. Mgonjwa akisema sioni kitu, anaongezewa. Vikombe viwili vikikutana tumboni, moyo unakwenda mbio, mtu anaingiwa na hofu, anaona visivyokuwapo, akiinuka anaanguka. Moshi nao, kwa kifua ambacho tayari kinabanwa na baridi ya milimani, ni mzigo juu ya mzigo. Na mwenye kifafa asiachishwe vidonge vyake kwa sababu ya chai ya mtu. Degedege litakalofuata linaweza kumuua.

Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya haimruhusu mwananchi kulima bangi, kuiweka wala kuitumia, na kuwa na mgonjwa ndani si utetezi. Kumwacha anayeuguza akamatwe ni kumwacha mgonjwa bila mtu.

Dawa ya maumivu makali ambayo sheria inairuhusu na daktari anaweza kuiandika ni mofini ya maji. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, imekuwa ikichanganya unga wake na maji kwa ajili ya wagonjwa. Karibu yetu, Hospitali Teule ya Muheza imekuwa na tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu, tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Anzieni zahanati au kituo cha afya, muombe rufaa, na mseme waziwazi: panadoli na diklofenaki hazimtoshi tena, usiku halali.

Watu wanaiogopa. Wanadhani aliyepewa mofini siku zake zimeshahesabiwa. Si hivyo, wapo wanaoitumia miezi mingi huku wakipalilia bustani. Wengine wanahofia uteja. Mwenye maumivu ya saratani anayepewa kipimo chake kwa saa yake hawi kama mtu anayetafuta kulewa, ila asikatishwe ghafla.

Hunywewa kwa mdomo ili asihitajike muuguzi kupanda mlima na sindano kila mara. Hudumu kama saa nne tu, ndiyo maana hutolewa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Kipimo cha mwisho mara nyingi daktari hukifanya mara mbili ili mgonjwa alale hadi alfajiri. Usingoje alie. Maumivu yakishapanda, kuyashusha ni kazi kuliko kuyazuia.

Kijiko cha chai hakifai, kila nyumba ina chake. Tumia sirinji isiyo na sindano. Vuta dawa, inua sirinji mbele ya mwanga, gonga kwa kidole povu lipande, kisha soma mstari ukiwa umelingana nao kwa macho. Usiku weka taa nyuma ya mkono wako. Soma na chupa: miligramu 5 ndani ya mililita 5 si sawa na miligramu 10 ndani ya mililita 5, na chupa zenyewe zinaweza kufanana. Ukipewa chupa mpya, muulize mfamasia kama nguvu ni ile ile. Swali hili dogo limewaponza wengi kwa kutoulizwa.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na huenda akatapika, hupita. Kisichopita ni choo kigumu. Dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini, na msiondoke hospitali bila hiyo. Mzee atakaa wiki akiona aibu kumwambia mkwewe kwamba hajapata choo, basi aulizwe na mwanawe au mjukuu.

Pombe na vidonge vya usingizi vikae mbali. Akiitwa haamki, au anavuta pumzi chini ya 8 kwa dakika, msimpe nyingine. Tafuteni usafiri saa hiyo hiyo, mvua au ukungu. Chupa ifungiwe sandukuni, watoto wasiifikie.

Mgonjwa akipata nafuu, au Mungu akimchukua, dawa iliyobaki irudishwe hospitali ilikotoka. Isimwagwe, na asigawiwe jirani anayeumwa mgongo.