Chumvi Haiungui

Weka kijiko cha sukari kwenye sufuria kavu jikoni. Itayeyuka, itakuwa kahawia, kisha nyeusi na kufuka moshi. Osha sufuria, urudie kwa chumvi. Itarukaruka na kualika, basi; ikipoa ukiionja ni chumvi ileile. Zote nyeupe, zote punje, zote huyeyuka majini. Tofauti iko kwenye vifungo, yaani namna atomu zilivyoshikana.

Chumvi ina wazazi wa ajabu. Sodiamu ni metali laini ambayo ikitupwa majini hulipuka. Klorini ni gesi ya sumu, ile iliyotumiwa vitani dhidi ya askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Atomu ya sodiamu ina elektroni moja ya pembeni isiyoishikilia sana, na ya klorini imepungukiwa moja. Ya kwanza ikitoa na ya pili ikapokea, moja hubaki na chaji chanya na nyingine hasi, nazo huvutana. Hazikai mbili mbili: kila sodiamu huzungukwa na klorini sita, na kila klorini na sodiamu sita, safu juu ya safu. Ndiyo maana punje ya chumvi ukiitazama kwa lenzi ina umbo la kijisanduku. Kuiyeyusha kwa moto kunataka nyuzi 801 za Selsiasi. Sufuria yako ya aluminiamu itatangulia kuyeyuka, kwenye 660.

Sukari haikupeana elektroni. Atomu zake zinazitumia kwa ubia. Molekuli moja ina kaboni 12, haidrojeni 22 na oksijeni 11. Moto ukizidi, vifungo vya ndani hukatika, haidrojeni na oksijeni nyingi huondoka kama mvuke, na kinachobaki sufuriani kwa sehemu kubwa ni kaboni: binamu wa mkaa ulio chini yake.

Hapa wengi hukosea kuhusu maji. Yakichemka, molekuli hazivunjiki. Mvuke ni maji bado. Zinachoachia ni kushikana kwazo zenyewe kwa zenyewe, ambako hutokea kwa kuwa upande wa oksijeni una uhasi kidogo na upande wa haidrojeni uchanya kidogo. Kwa pande hizohizo maji huibomoa chumvi chembe kwa chembe. Mafuta hayana pande hizo, hivyo maji matupu hayana pa kuyashika. Sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, ikawa dalali kati yao.

Sasa jambo la kuangalia sana nyumbani. Dawa ya kung'arisha nguo, ambayo wengi huiita jiki, ina klorini iliyofungwa pamoja na oksijeni. Ukiichanganya na siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi, vifungo hupangika upya na klorini hutoka ikiwa gesi, ileile ya Ypres. Jiki ikikutana na amonia, iliyomo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa gesi nyingine inayochoma koo na mapafu.

Ukishachanganya kwa bahati mbaya, usiongeze kitu kingine kujaribu kurekebisha. Watoe watoto nje kwanza, acha mlango wazi unapotoka, usirudi mpaka harufu iishe kabisa. Anayekohoa mfululizo au kubanwa kifua apelekwe hospitali, na chupa za dawa zilizochanganywa zitajwe kwa daktari.