Mjomba na SMS Tatu: Mafunzo Niliyopata

Niliwahi kuandika programu ya malipo ya korosho kwa chama kimoja cha msingi, nikijiona fundi. Wewe unayetaka kuandika kubwa kuliko yangu, zipokee aibu hizi bure.

1. Bandika moki pale jina linapotumika

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze msimu wa 2007/2008, mkulima wa huku huacha korosho ghalani, mnada ukapita, kisha akangoja hela. Kwa hiyo SMS ya malipo si jambo la mchezo. Usiku mmoja, nikiwa Masasi, niliendesha majaribio mara tatu, yote yakapita. Alfajiri mjomba akapiga simu kutoka Newala: "Mpwa wangu, nimelipwa mara tatu! Nishapanda bodaboda, naenda benki."

Namba yake ndiyo niliyoijaribia.

Klasi ya MtumaSms ilikaa ujumbe.py, nami nikabandika moki, yaani kitu bandia kinachosimama badala ya halisi wakati wa majaribio, hukohuko: patch("ujumbe.MtumaSms"). Kumbe malipo.py ilishaandika from ujumbe import MtumaSms, ikawa na jina lake yenyewe linaloelekea klasi halisi. Nilitakiwa kuandika patch("malipo.MtumaSms"). Nilitamani Python iwe na kosa, haikuwa nalo. Nauli ya mjomba nililipa mimi, kwenda na kurudi.

2. Moki haijui kukataa

Maktaba ya unittest.mock, iliyoingia Python 3.3 mwaka 2012, hukupa kitu kinachoitikia jina lolote. Kwenye klasi ya Mizani niligeuza uzito() kuwa uzito_halisi(), nikaisahau malipo.py. Jaribio likapita vilevile. Siku ya kupima korosho, programu ikagoma, foleni ya wakulima ikitazama, na karani akafungua daftari lake bila kusema neno. Lile daftari liliniuma kuliko matusi. Siku hizi kwenye patch naweka autospec=True: ukiita kisichokuwemo kwenye klasi halisi, jaribio linaanguka hapohapo.

3. Hesabu usiiguse

Nilifika mahali nikaweka moki hata kwenye makato. Jaribio likathibitisha kwamba moki hurudisha nilichoiagiza irudishe! Weka moki kwenye mizani, SMS na saa. Kilo mara bei, toa makato: hiyo iachie ifanye kazi kweli. Tena mizani ukiipokea kupitia __init__, unapitisha ya bandia bila hata kuhitaji patch.

Namba ya mjomba nimeshaifuta. Zilizomo kwenye majaribio yako ni za nani? Kazitazame kabla hujalala.